Sisi Ipi

Nilikiokota Kiboriloni, siku ya gulio,
kimebanwa katikati ya raba za mtumba na mafurushi ya shuka,
jalada lina mkono wa mwanamke na jani la chai.
Muuzaji akakipima kwa kiganja kama nyama:
"Elfu moja. Kizito hiki, kina maneno mengi."

Kilizaliwa Kitamili, kikahamia Kiingereza
kwa kalamu ya mtu mwingine, Hemalatha,
jina lake limechapwa dogo kama yai la chawa
chini ya jina la mwenye maisha, Selatayi.
Nami, karani wa mizani kiwanda cha kahawa,
nikawa wa tatu kuyabeba.

Maana mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili,
anangoja zamu yake hospitali,
na redio imemchosha kwa matangazo ya mikopo.
Kila jioni hapa Pasua, taa iwake isiwake,
namsomea: jicho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili,
nikikwama, Kimachame kinaniokoa.

Ukurasa wa kumi na tisa msimamizi anapima majani.
Anakata kilo mbili, za umande. Kisha moja, ya kikapu.
Mama akacheka mpaka akashika mbavu.
"Huyo namjua! Kwetu Lyamungo alilipiga debe teke,
kahawa ishuke, iache nafasi,
wewe useme limejaa, yeye aseme bado.
Alifikaje huko?"
Nikageuza ukurasa upesi.
Kalamu yangu ya kazini ilikuwa mfukoni, inanichoma paja.

Ukurasa wa arobaini anaingia mtu, anaitwa maama,
na ana masharubu.
"Umelewa?" mama akaniuliza.
Nikapekua nyuma, kwenye maelezo: kwao maama ni kaka wa mama.
Hemalatha aliliacha neno lilivyo, kwa sababu Kiingereza
kina moja tu, la ndugu wa baba, la ndugu wa mama,
la mume wa shangazi, hata la jirani mwenye gari.
"Mjomba," nikasema.
"Si useme mjomba! Mmezunguka dunia nzima
na neno lilikuwa hapa jikoni."

Basi tukajiona mabingwa.
Ukurasa wa mia na sita ukatuketisha chini.

"Sisi tulikunywa kwa viganja," anasema Selatayi,
"glasi za mkahawani zilikuwa zinatutazama."
Na pembezoni, mfasiri anakiri:
Kitamili kina sisi mbili.
Naam, ni mimi pamoja nawe ninayesema nawe.
Naangal, ni mimi na wenzangu, wewe humo.
Kiingereza hakina mlango wa pili. Mnisamehe.

"Sisi ipi hapo?" mama akauliza.

Haikuandikwa. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nyayo.
Hata Kiswahili, chenye ngeli ya kisu na ngeli ya ukuta,
kina sisi moja tu:
tunaingia wote, au wote tunabaki barazani.

Mama alinyamaza muda mrefu, akisugua goti.
Halafu akasimulia jambo ambalo miaka hamsini hakulisema:
nyuma ya nyumba ya bwana shamba palikuwa na msumari,
na kwenye msumari kikombe cha bati,
ukingo umepakwa rangi nyekundu kisichanganywe na vya ndani.
"Ndicho tulichonywea sisi."

"Sisi ipi, mama?"

"Wewe ulikuwa mgongoni.
Ulikunywa. Ulimwaga nusu shingoni mwangu, na maji yalikuwa ya baridi."

Umeme ukakatika hapo hapo.
Sikukunja ukurasa.
Nikasikia mkono wake unapapasa meza,
unapita juu ya kitabu, juu ya sahani, unanitafuta.
"Aminieli," akaita.

"Naam."